Sindano Safi na Bajeti ya Kaunti



Kwa miaka mingi tulizoea kusema kwamba dawa za kulevya ni balaa la mijini. Tuliziona kuwa shida ya Mombasa, bandari yake na vichochoro vyake. Kauli hiyo haina ukweli tena. Heroini, ambayo vijana wetu huiita unga, imeshika njia za mashambani. Imefika Malindi na Watamu, imefika Ukunda, na katika vijiji vya jirani wapo wanaojidunga. Mtu wa mjini akitaka msaada hutembea kwa miguu hadi kituoni. Wa kijijini hutafuta nauli kwanza, na mara nyingi haipati. Kwa hiyo hatuna budi kuuliza swali ambalo wengi wetu tungependa lisiulizwe: ni nani atakayelipia sindano safi na matunzo ya watu hawa huko huko waliko?

Kabla ya kujibu, tuitazame jamii moja ya mashambani iliyokwisha kulipa gharama ya kuchelewa. Kaunti ya Scott, katika jimbo la Indiana nchini Marekani, ina watu wapatao 24,000, na mji wake mdogo wa Austin una watu elfu nne na kidogo. Kwa kawaida hawakugunduliwa humo hata watu watano wenye VVU kwa mwaka. Kituo cha kupimia VVU bila malipo kilikuwa kimefungwa mwaka 2013 kwa ukosefu wa fedha. Watu walikuwa wakijidunga dawa kali ya kutuliza maumivu, na kwa kuwa sheria ya jimbo ilikataza huduma ya kubadilishana sindano, sindano moja ilipita mikononi mwa wengi, hata ndani ya nyumba moja. Wagonjwa wa kwanza walianza kuonekana mwishoni mwa mwaka 2014. Kufikia Novemba 2015, watu 181 walikuwa wamegunduliwa kuwa na VVU, na karibu wote walikuwa pia na homa ya ini aina ya C.

Gavana wa wakati huo, Mike Pence, hakuwa mtetezi wa huduma hiyo. Hata hivyo, tarehe 26 Machi 2015 alitangaza hali ya dharura na kuiruhusu. Watu walileta sindano zilizotumika wakapewa safi, na papo hapo wakapimwa na kuelekezwa kwenye matibabu. Maambukizo yalipungua sana, na mwaka 2020 aligunduliwa mgonjwa mpya mmoja tu. Lakini mwezi Juni 2021 makamishna watatu wa kaunti hiyo walipiga kura, wawili kwa mmoja, kuiondoa huduma iliyowaokoa.

Hapo pana mambo mawili ya kujifunza. Kwanza, ugonjwa ukishapata njia katika kijiji, hauhitaji miezi mingi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Pili, huduma iliyoanzishwa kwa hofu huondolewa kwa urahisi hofu ikipoa, isipokuwa ina mahali pake pa kudumu katika sheria na katika bajeti.

Tunajua kwamba jambo hili linazigusa dhamiri. Serikali yetu ilipotangaza mpango wa sindano mwaka 2012, viongozi wengi wa dini waliupinga, na baadhi ya waamini wangali wanauliza: je, kumpa mtu sindano si kumsaidia kujiangamiza? Swali hilo ni la haki na halistahili kubezwa. Jibu letu ni kwamba mtu huyu anajidunga tayari, awe na sindano safi au chafu. Tunachoweza kuchagua sisi ni kama atabaki hai mpaka siku atakapokuwa tayari kuacha, na kama mkewe na mtoto wake ambaye hajazaliwa wataambukizwa. Utafiti uliofanywa Nairobi mwaka 2011 ulionyesha kwamba takriban watu 18 kati ya kila 100 wanaojidunga walikuwa na VVU, ilhali wastani wa taifa katika miaka hiyo ulikuwa karibu 6. Yule Msamaria mwema hakumhoji majeruhi ni kwa nini alipita njia ile ya hatari. Alifunga majeraha, kisha akatoa fedha zake mwenyewe kwa ajili ya matunzo.

Sasa tugeukie fedha. Matibabu ya methadoni yalianza nchini mwezi Desemba 2014, katika hospitali ya Mathari, na mwaka uliofuata yakafika Malindi. Ni tiba njema, lakini anayeianza hana budi kuinywa kila siku mbele ya mhudumu. Kwa mtu wa kijijini asiye na kazi, nauli ya kila siku ni ukuta mwingine. Tena, kazi ya sindano safi na ya waelimishaji rika wanaozunguka vijijini imetegemea kwa sehemu kubwa wafadhili wa kigeni. Mwezi Januari 2025, Marekani iliposimamisha ghafula misaada yake ya nje, tuliona jinsi huduma za Ukimwi nchini zilivyotikisika. Uhai wa watoto wetu usiachwe kuning'inia kwenye saini ya mtu aliye mbali.

Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya afya. Haikuwatenga watumiaji wa dawa za kulevya. Ibara ya 201 inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Huduma za afya zimo mikononi mwa kaunti, na makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka.

Basi, viongozi wa walei, msingoje dharura. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo na ijue ni familia ngapi zinalia kimya kimya kwa ajili ya jambo hili. Nendeni kwenye vikao vya wananchi vya bajeti, mkamwulize mwakilishi wenu wa wadi maswali matatu: ni fedha kiasi gani zimetengwa kwa ajili ya sindano safi na upimaji vijijini? Mgonjwa wa methadoni atafikaje kituoni? Na mfadhili akiondoka, nani atalipa?

Jibu lake liandikwe, na mwaka ujao mrudi kuuliza tena.