Mahakama Imempa Mtoto, Serikali Imempa Nini?

Makamanda, juzi nilikuwa nyumbani Tukuyu. Jirani yetu, mama anayetembelea magongo na kuuza ndizi stendi, ameshinda kesi: mtoto wake wa miaka 5 sasa anakaa naye. Alifurahi, kisha akaniuliza, "Mdogo wangu, si unasoma sheria? Sasa nitamlisha nini?"

Nilikosa jibu.

Hajahurumiwa, ni haki yake. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 23 inakataza kumtenganisha mtoto na mzazi kisa ulemavu. Ibara ya 28 inataka hifadhi ya jamii.

Uliza halmashauri, utaambiwa kuna asilimia 2 ya mapato ya ndani kwa wenye ulemavu. Sawa, lakini huo ni mkopo, unarudishwa! Mtoto hali mkopo. TASAF nayo inalipa kaya zilizoandikishwa. Kama humo kwenye orodha, subiri.

Kinachoniuma ni hiki: kwenye kesi kama hizi mahakama inaweza kumwagiza afisa ustawi wa jamii achunguze hali ya nyumbani na kuleta taarifa. Yaani serikali inafika hadi jikoni, inaandika, halafu inafunga faili.

Tunadai faili hilo hilo lifungue na ruzuku. Hukumu ikitoka, mzazi asianze kuzungushwa ofisi kwa ofisi na magongo yake.

Vijana wa Rungwe, vikao vya baraza la madiwani ni vya wazi. Twendeni tukawaulize.