Pishi Haipimi Nguo

Mwenye duka akichukua pishi ya mchele akashindilia kanga ndani yake ili aipime, wateja watamcheka. Lakini wako wasomi wafanyao jambo lilo hilo kila mwaka, wala hakuna anayewacheka. Huwaweka pamoja mwanahisabati, tabibu na mtaalamu wa ushairi, kisha huuliza: Huyu ameandika makala mangapi? Yametajwa mara ngapi katika maandishi ya wengine? Mwenye idadi kubwa hupandishwa cheo. Mwenye idadi ndogo huambiwa kuwa hajafanya kazi. Mimi naikataa hukumu hiyo.

Desturi ya kuhesabu haikuzaliwa kwa nia mbaya. Mwaka 1964 Eugene Garfield wa Marekani alitoa faharasa ya sayansi iliyoonyesha kila makala yametajwa wapi, ili mtafutaji asipotee njia. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akabuni kipimo kiitwacho h. Mtu mwenye makala 20 yaliyotajwa mara 20 au zaidi kila mojawapo, h yake ni 20. Hesabu nyepesi! Mtoto wa shule ya msingi aiweza, na wepesi huo ndio uliowapumbaza wakubwa. Hirsch mwenyewe aliandika kwamba kipimo chake hutofautiana kati ya taaluma na taaluma, na kwamba namba moja haiwezi kueleza kazi yote ya mtu. Kipimo walikichukua, onyo wakaliacha.

Tazameni mambo yalivyo. Mwaka 1951 Oliver Lowry na wenzake walichapisha njia ya kupima wingi wa protini. Kufikia mwaka 2014 makala hayo yalikuwa yametajwa zaidi ya mara 300,000, kwa kuwa kila aliyeitumia njia ile katika maabara yake aliyataja. Lowry hakujivuna, alikiri kuwa hayakuwa makala makuu. Sasa mtieni katika pishi hiyo hiyo Andrew Wiles, aliyekaa miaka saba kwa siri akilifumbua fumbo la hisabati lililoachwa na Fermat tangu karne ya 17. Uthibitisho wake ulichapishwa mwaka 1995. Wanahisabati huandika machache na hutaja machache. Hata ushindi mkubwa kama ule hauwezi kufikia hesabu ya Lowry. Je, tuseme Wiles ni mvivu?

Fizikia nayo ina vituko vyake. Mwaka 2015 yalitoka makala juu ya uzito wa chembe ya Higgs, yenye waandishi 5,154. Kurasa zake zilikuwa 33, na 24 kati yake zilijaa majina. Kila mmoja wa watu hao huhesabiwa kuwa ameandika makala.

Na sisi wa Kiswahili je? Mwaka 1979 Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz alitoa kitabu juu ya Muyaka, mshairi wa Mombasa wa karne ya 19. Ni kitabu, si makala; na faharasa zile zilianza kwa majarida ya sayansi, vitabu vikawekwa kando. Watafiti wa ushairi wa Mombasa ni wachache, basi hata wote wakimtaja, idadi itabaki ndogo.

Madhara yake hayaishii katika namba. Mhadhiri akijua kuwa atapimwa kwa pishi, huyakata makala yake mamoja yakawa matatu, hutajana na rafiki zake kama watu wanaopeana zamu ya kusifiwa, na kazi ya miaka kumi huikimbia. Nanyi mtakaoingia vyuo vikuu mtashauriwa kuyaacha masomo yasiyotajwa sana, na atakayewashauri atawaonyesha jedwali.

Mshauri huyo na aende kwanza Mombasa, aketi na wazee kutwa nzima akitafuta maana ya neno moja tu la Muyaka lililokwisha kusahauliwa, kisha arudi atuambie neno hilo lina h ngapi.