GTI ya mkononi si kibubu

Ndugu zetu wa Ghuba mliopata leseni, swali lenu tunalijua: "Nikichukua Golf GTI ya mkononi, si nitaiuza kwa bei ile ile?"

Tuseme ukweli. GTI inashika bei kuliko Golf ya kawaida, maana ina wapenzi wake tangu 1976. Ila inayoshika bei ni yenye rekodi ya sevisi, injini haijachezewa, na kama ni DSG ya gia sita, oili ya giaboksi imebadilishwa kila kilomita 60,000. Nyingi zimepitia kwa vijana wa kukimbiza.

Na usijidanganye utarudi nayo. Usukani uko kushoto. Kenya haipokei gari la kawaida la namna hiyo, wala lililozidi miaka 8. Utaiuza hukohuko, mkataba ukiisha, mbiombio. Mnunuzi akijua una tiketi ya ndege mkononi, bei anapanga yeye.

Sisi tunasema: la kwendea kazini ni Yaris. GTI ni raha ya roho, nunua kwa hela iliyobaki baada ya ada za watoto na akiba. Si kabla.