Ada ya klabu ipande, lakini hesabu zisomwe kwanza

Majimaji ya Songea imetwaa ubingwa wa Tanzania mara tatu: 1985, 1986 na 1998. Klabu nyingi za mikoani hazijafika huko hata mara moja. Majimaji, waitwao pia Wanalizombe, walirudi Ligi Kuu msimu wa 2015/16, wakadumu misimu mitatu, wakashuka mwaka 2018 pamoja na Njombe Mji. Hawajarudi.

Sababu zipo nyingi, na kubwa kati yake ni fedha. Timu inayotoka Songea kwenda kucheza Dar es Salaam inasafiri zaidi ya kilomita 900 kabla haijagusa mpira, na safari ya Mwanza au Bukoba ni ndefu kuliko hiyo. Nauli, chakula na malazi havisubiri mfadhili apatikane. Mazoea ya klabu zetu za mikoani ni kutembeza bakuli: kwa mbunge, kwa mkuu wa mkoa, kwa mfanyabiashara mwenye mapenzi na soka. Bakuli likirudi tupu, wachezaji wanadai mishahara na kocha anaaga.

Klabu ya wananchi ina chanzo kingine ambacho huwa kinasahaulika, nacho ni ada ya uanachama. Wanachama 1,000 wakilipa shilingi 1,000 tu kwa mwezi, mwaka unafunga na shilingi milioni 12. Hizo haziendeshi timu ya Ligi Kuu, lakini zinatosha kuanzia, na hakuna mtu mmoja anayeweza kuamka asubuhi akaziondoa. Ndiyo maana ada inastahili kupanda, na wanaosema mwananchi wa kawaida hawezi kulipa wanamdharau mwananchi huyo.

Hasira za wanachama ada inapotajwa zina msingi wake. Aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa klabu anazijua kadi za kulipiwa: uchaguzi ukikaribia, mgombea anawalipia watu madeni yao ili wapate kura, na baada ya hapo ada haitajwi tena hadi uchaguzi mwingine. Ada ikipanda katika hali hiyo, mwenye fedha ndiye anayenufaika, kwa sababu wanachama hai wanabaki wachache na kuwanunua kunakuwa rahisi.

Wakulima wa Ruvuma, mkoa wa Songea, hawahitaji kufundishwa kwamba ada huendana na hesabu. Ushirika wa Wangoni na Wamatengo ulianza miaka ya 1930 kwa zao la tumbaku, na leo mkulima wa Namtumbo au Mbinga anaingia kwenye chama chake cha msingi cha ushirika (AMCOS) akijua kiingilio, hisa na makato. Makisio yanapitishwa na mkutano mkuu, na hesabu zinakaguliwa na COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika. Ushirika umewahi kuibiwa, tena sana, ila mwanachama ana mahali pa kuuliza na karatasi ya kushika mkononi. Klabu ya mpira inayomdai ada bila kumsomea mapato na matumizi inamtaka akubali kidogo kuliko anachopata kwenye ghala la ushirika wake.

Hata michezo ya matajiri imelazimika kulifikiria hili. Ruvuma haina mashindano ya farasi, lakini shirikisho la mchezo huo Marekani lilipopandisha ada ya washindani kutoka dola 55 hadi 80, lilifungua pia daraja la mashabiki la dola 25, kwa wasioshindana. Anayetumia huduma nyingi analipa zaidi, na anayependa tu mchezo hafungiwi nje.

Hapa nyumbani sheria iko upande wa wanachama. Serikali imeamua kwamba klabu ya wananchi inayokaribisha wawekezaji iwape hisa zisizozidi asilimia 49, na angalau 51 zibaki kwa wanachama. Ndivyo ilivyokuwa kwa Simba na shilingi bilioni 20 za mfanyabiashara Mohammed Dewji. Hiyo 51 ina nguvu pale tu wenye kadi wanapokuwa wengi, wanalipa wenyewe, na wanahudhuria.

Kwa Majimaji, utaratibu unaweza kuanza msimu ujao bila kusubiri mwekezaji. Ada ikusanywe kwa simu kwenye namba ya klabu, isiwe ya kiongozi. Mkulima aruhusiwe kulipa ya mwaka mzima baada ya mavuno. Ada inayolipwa ndani ya miezi mitatu kabla ya uchaguzi isimpe mtu kura. Na mapato na matumizi yabandikwe kila robo mwaka kwenye lango la Uwanja wa Majimaji, kabla mkutano mkuu haujaombwa kupandisha hata shilingi moja.