Hakina Pombe, Lakini Kinalevya

Neno kileo limetokana na kulewa. Kileo ni kila kimlevyacho mtu, kiwe kimepikwa kwa mtama, kimegemwa mnazini au kimetengenezwa kiwandani. Mtu anayesoma katika chupa ya kinywaji cha bangi maneno ya kigeni yasemayo kwamba hamna alkoholi, kisha akawaambia wenzake kwamba kinywaji hicho hakina kileo, amekwisha kukosea katika lugha kabla hajakosea katika afya. Alkoholi haimo, kileo kimo, na pengine kwa kiasi ambacho hata aliyekitengeneza hakijui.

Kosa hilo ladhihirika zaidi nchini Kanada, ambako jambo hili si la siri wala la vichochoroni. Sheria ya kuhalalisha bangi ilianza kutumika huko tarehe 17 Oktoba, 2018, na mwaka mmoja baadaye, tarehe 17 Oktoba, 2019, zikaanza kanuni zinazoruhusu vyakula na vinywaji vilivyotiwa bangi kutengenezwa na kuuzwa. Leo madukani mna chai, sharubati na soda za namna hiyo, na miongoni mwa wanunuzi wamo watu waliochoka na pombe na madhara yake. Tena sheria hiyohiyo inamruhusu mtu mzima kutengeneza kinywaji chake mwenyewe nyumbani, ilimradi asitumie viyeyushi vya kikemikali, kama vile butani, kukamulia kileo kilichomo katika mmea. Sharti hilo ni la haki kabisa, kwani gesi hiyo ikikutana na cheche ya jiko, nyumba hulipuka.

Lakini hebu na zilinganishwe sehemu mbili za sheria hiyo. Kiwanda kimebanwa barabara. Kemikali inayolevya, iitwayo THC, haipaswi kuzidi miligramu 10 katika kopo au chupa moja. Kuchanganya bangi na pombe ni marufuku. Kuongeza vitamini ili kinywaji kionekane kuwa cha afya ni marufuku. Chombo sharti kiwe kigumu kufunguliwa na mtoto, kiwe na alama nyekundu yenye jani la bangi, na kiandikwe onyo na kiasi cha dawa kilichomo. Jikoni, mbali na hilo katazo la viyeyushi, hakuna anayepima. Sheria imemfuata mwenye kiwanda mpaka kwenye kifuniko cha chupa, kisha ikamwacha mwenye nyumba na sufuria yake.

Ukubwa wa pengo hilo waweza kukokotolewa na mwanafunzi wa darasa la saba. Gramu moja ni miligramu 1,000. Maua makavu ya bangi yenye THC asilimia 20, nayo si nadra katika maduka ya Kanada, yana miligramu 200 katika kila gramu. Sehemu yake hupotea motoni na katika chujio. Hata hivyo gramu hiyo moja inakaribia kiwango cha makopo 20 ya kiwandani. Mtu akiitia katika birika la vikombe vinne, kila kikombe chaweza kufikia miligramu 50. Hizo ni mara tano ya kiwango ambacho kiwanda kimekatazwa kukivuka, na ni mara 20 ya zile miligramu 2.5 ambazo Wizara ya Afya ya nchi hiyo inamshauri anayeanza asizizidishe.

Na hesabu hiyo inadhani kwamba vikombe vyote vinne vimegawana sawa. Havigawani. THC haiyeyuki katika maji. Huyeyuka katika mafuta. Katika birika la chai huelea juu ama hunata kandoni mwa chombo, hata kikombe cha kwanza kikawa karibu maji matupu na cha mwisho kikamwangusha mnywaji. Viwanda huyavunja mafuta hayo kwa mitambo yakawa chembe ndogo mno zinazoweza kutawanyika katika maji, kazi ambayo kijiko na mwiko haviwezi kuifanya. Kadhalika mmea mbichi una asidi isiyolevya, na ni moto ndio unaoigeuza kuwa THC. Kwa hiyo watu wawili walionunua maua yaleyale, mmoja akayapika kwa moto mkali na mwingine kwa moto wa taratibu, watapata vinywaji viwili tofauti kabisa.

Wako wanaotetea kinywaji cha nyumbani kwa kutaja mila za kale. Ni kweli kwamba huko India watu wamekunywa bangi kwa karne nyingi, hasa wakati wa sikukuu ya Holi: majani husagwa kwa jiwe, yakachanganywa na maziwa, sukari, lozi na viungo. Hata jina lenyewe la bangi lilifika pwani ya Afrika Mashariki kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi. Mafuta ya maziwa hupokea kile ambacho maji hukikataa, na wazee hao walilijua hilo bila maabara. Serikali ya Kiingereza iliunda tume mwaka 1893 kuchunguza matumizi hayo, na taarifa yake ya mwaka 1894 ilisema kwamba unywaji wa kiasi kwa kawaida hauna madhara makubwa, ikashauri bangi idhibitiwe na kutozwa kodi badala ya kupigwa marufuku. Hata sheria ya India ya mwaka 1985 juu ya dawa za kulevya iliyaacha nje majani na mbegu.

Lakini watetezi hao husahau neno moja katika sheria hiyo, nalo ni majani. Jani ni hafifu. Nguvu iko katika maua na utomvu wake, navyo sheria ya India inavikataza. Maua yanayouzwa leo Kanada yametokana na mbegu zilizochaguliwa na kuzalishwa kwa miaka mingi kwa kusudi la kuongeza nguvu hiyo. Kutaja kinywaji cha majani cha Varanasi ili kukihalalisha kinywaji cha maua cha Toronto ni sawa na kutaja togwa ili kuitetea gongo.

Hatari nyingine ni ya saa. Moshi wa bangi humfikia mvutaji kwa dakika chache, akajua amefika wapi. Kinywaji hupita tumboni, kikaenda kwenye ini, na huko THC hugeuzwa kuwa kemikali nyingine yenye nguvu. Wizara ya Afya ya Kanada inaeleza kwamba dalili zaweza kuanza baada ya dakika 30 hadi saa 2, zikafikia kilele baada ya hata saa 4, na zikadumu mpaka saa 12, huku mabaki yake yakiweza kuendelea hadi siku ya pili. Mtu hunywa kikombe, akangoja nusu saa, akaona hakuna kitu, akamcheka aliyemkaribisha, akaongeza kikombe cha pili. Vikombe vyote viwili humfikia pamoja. Moyo huenda mbio, hofu humshika, hutapika, na wengine huona visivyokuwapo. Akiwa alikunywa na bia kabla yake, hali huwa mbaya zaidi. Aliyekunywa saa mbili usiku yafaa asishike usukani asubuhi kwa kudhani kwamba amelala akazinduka.

Watoto ndio wanaolipa deni la watu wazima. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la New England Journal of Medicine ulitazama watoto waliolazwa hospitalini kwa kula au kunywa bangi bila kujua katika majimbo manne makubwa ya Kanada. Idadi yao iliongezeka kila mahali baada ya sheria, lakini iliongezeka zaidi katika majimbo yaliyoruhusu peremende na chokoleti za bangi kuliko Quebec, ambako hazikuruhusiwa kuuzwa. Mtoto mdogo hupatwa na usingizi mzito usioamshika, na pumzi yake yaweza kulegea. Iwapo vifuniko na alama nyekundu vya viwandani havikutosha kuwakinga, jagi la sharubati lisilo na maandishi, lililowekwa katika jokofu kando ya maziwa, litawakinga kwa nini? Pombe huuchoma mdomo wa mtoto naye akaitema. Sukari na iliki havimwonyi.

Kwa hiyo dai kwamba kila mtu ni huru jikoni mwake lina mpaka, na mpaka huo ni mlango wa jokofu. Serikali iliyomruhusu mwananchi kupika haina budi kumfundisha kupima. Paketi ya maua huko tayari huandikwa kiasi cha THC. Kinachokosekana ni hatua ya pili ya hesabu, yaani gramu moja ni sawa na vikombe vingapi vya miligramu 2.5, na iandikwe kwa herufi kubwa kama lilivyoandikwa onyo. Wauzaji wangepaswa kutoa chombo cha kufungia na karatasi ya kubandika pamoja na kila paketi. Na mtu asiye na mizani inayopima sehemu za gramu yafaa aache kabisa kupika. Kopo la dukani, pamoja na bei yake, walau linajua lina nini tumboni.

Mjadala huu hauko mbali na Afrika. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliruhusu mtu mzima kutumia bangi faraghani kwa hukumu ya Septemba 2018, na sheria yake ikatiwa sahihi mwaka 2024. Machi 2025 serikali ilitangaza kanuni za kukataza bangi katika vyakula, kisha ikaziondoa katika mwezi huohuo kutokana na malalamiko. Kwa Tanzania sheria ya mwaka 2015 ya kupambana na dawa za kulevya iko wazi: kulima, kumiliki na kutumia bangi ni kosa, iwe imevutwa, imeliwa au imenywewa. Mwanafunzi wa Kitanzania aliyeko Toronto anaweza kukaribishwa glasi ya soda hiyo kwa ukarimu tu, na ni halali kwake kuipokea akiwa ametimiza umri. Asitie kopo katika sanduku lake la safari. Kuvusha bangi mpakani ni kosa kwa sheria ya Kanada yenyewe, hata kabla ndege haijatua Dar es Salaam.