Saratani ya mlango wa kizazi: mficha uchi hazai

Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha kuwa wanawake 5,236 nchini Kenya walipata saratani ya mlango wa kizazi mwaka huo, na 3,211 wakafariki. Hao ni karibu tisa kila siku. Kinachouma ni kwamba ugonjwa huu hauji ghafla. Tangu virusi vya HPV viingie mwilini hadi saratani kukomaa, kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20. Katika muda huo dalili za awali zaweza kuonekana na kutibiwa kabla hazijawa saratani.

Hatuwezi kusema utafiti umekosekana. Kule Mumbai, India, wahudumu wa afya wa kawaida walifunzwa kupima kwa siki, ambayo hugeuza rangi sehemu iliyoanza kuharibika. Matokeo yaliyotolewa 2013 yalionyesha vifo vimepungua kwa asilimia 31. Hapa kwetu, KEMRI na wenzao waliwafuatilia wasichana 2,275 wa Thika, Nairobi na Kisumu. Mwaka 2022 walitangaza kuwa dozi moja tu ya chanjo ilizuia kwa zaidi ya asilimia 97 maambukizi mapya ya aina mbili za HPV zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hii. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja itumike. Utafiti wa Wakenya ukaongoza dunia.

Kwa hivyo kinachotuponza Pwani, kwa maoni yangu, ni vitu vitatu: haya, nauli na shaka.

Haya naielewa. Mwanamke aliyelelewa kwa stara akiambiwa avue nguo mbele ya tabibu mwanamume, atarudi nyumbani na hatakanyaga tena. Dawa yake ipo: kaunti ziweke wauguzi wanawake siku za kupima na ziwatangaze mapema. Vilevile kuna kipimo cha HPV ambacho mwanamke hujichukulia mwenyewe kwa kijiti cha pamba, faraghani, kisha sampuli ikapelekwa maabara. Sioni stara inavyovunjika hapo.

Nauli nayo si jambo dogo. Mgonjwa wa Faza akipewa rufaa ya Mombasa huanza na boti hadi Mokowe, kisha basi la kutwa nzima, na pengine mtu wa kumsindikiza. Kumpima mapema palepale kisiwani ni nafuu kwake na kwa serikali.

La tatu ndilo zito, na halisemwi mimbarini. HPV huambukizwa kwa kujamiiana, na wengi wetu huipata wakati fulani bila kujua. Mwili mara nyingi huitoa wenyewe, lakini yaweza kukaa miaka mingi. Basi mke akiambiwa anayo, hilo si ushahidi wa zinaa. Huenda ameipata kwa mumewe, ambaye naye hana dalili yoyote. Mwanamke anayeogopa kuachwa kwa sababu ya karatasi ya maabara hatakwenda kupima, na hatuna haki ya kumlaumu.

Ndiyo maana nawageukia wanaume wenzangu. Mke akifika miaka 30, mpe nauli, mlindie watoto asubuhi moja, na majibu yakija usimhoji kama mshtakiwa. Anayeishi na virusi vya ukimwi aanze mapema zaidi, akiwa na miaka 25. Binti akifika miaka 10 apelekwe akachanjwe. Rais Uhuru Kenyatta alizindua chanjo hiyo hapahapa Mombasa Oktoba 2019, kwa hivyo hatuwezi kudai ni habari ya bara.

Na maimamu wetu, tunaomba khutba moja tu ya Ijumaa. Dini imetufundisha kusitiri, ikatufundisha pia kutafuta tiba. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kwa ugonjwa huu, anayeficha huacha mayatima.