Meza ya Wageni

Mama alilipia meza yetu ya chakula kwa hela za upatu, mizunguko miwili. Kioo cheusi juu, miguu ya chuma yenye rangi ya dhahabu, viti sita. Ilipofika tuliambiwa tusiiguse, ni ya wageni. Viti vilikaa na nailoni ya dukani miaka mitatu, na sisi watoto tukaendelea kula palepale: kwenye mkeka, koridoni, sinia moja katikati, kila mtu akilinda upande wake wa wali. Juu ya kioo zilikaa nguo za kupiga pasi na bakuli la matunda ya plastiki.

Baba alipofariki, wageni wakaja kweli, nyumba ikafurika. Jambo la kwanza walilofanya wajomba ni kuibeba meza ile na kuiweka nje, chini ya mwembe, ili mikeka ipate nafasi. Ikanyeshewa siku mbili bila mtu kuikumbuka.

Sasa naambiwa zamu ni yangu. Nimepanga nyumba Tabata na mwenzangu, sebule ni mita 3 kwa 4, na kila anayeingia anauliza, "Meza ya chakula mtaweka wapi?" Hakuna anayeuliza kama tunaihitaji.

Niseme wazi: wengi wetu hatununui meza ya kulia. Tunanunua ushahidi kwamba tumeuhama mkeka. Ndiyo maana tunaichagua kwa jinsi itakavyotoka kwenye picha, na ndiyo maana tukishailipia tunakula kwenye kochi, sahani mapajani, simu mkononi, hatua mbili kutoka ilipo. Mkeka tumeuonea haya, meza tunaiogopa, na chakula cha pamoja kimepotelea hapo katikati.

Piga hesabu ambayo muuzaji hatakupigia. Meza ya watu sita ina kama sentimita 150 kwa 90. Kila upande unahitaji sentimita 75 hivi ili mtu avute kiti na kuinuka. Jumla ni mita 3 kwa 2.4. Kwenye sebule yangu inabaki mita 1.6 kwa ajili ya kochi, televisheni na mlango. Kule dukani inaonekana ndogo kwa sababu duka lenyewe ni kubwa kama kanisa.

Na hiyo MDF inayong'aa ni nyuzi za mbao zilizoshikanishwa kwa gundi. Maji yakipenya ukingoni inavimba, na ikishavimba hairudi. Sisi tunanawa mikono palepale mezani, kwa birika na beseni, kabla na baada ya kula. Nani alifikiri meza hiyo itatufaa? Mbao halisi ikichakaa unaipiga msasa, unapaka vanishi upya, maisha yanaendelea.

Nilikuwa nimeshaamua kununua mkeka tu, tena mzuri, nikijiona mwerevu. Kisha Mama akaja Jumapili. Tulipomaliza kula alishindwa kuinuka. Magoti. Alishika mguu wa kochi, akakataa mkono wangu, akasema amekaa tu kidogo apumzike. Nilisimama pale na falsafa yangu ya mkeka, sina la kusema.

Wiki hiyo nikaenda Keko. Fundi aliniuliza swali ambalo duka zima halikuniuliza: "Dada, mnakula wangapi?"

"Wawili. Jumapili watatu."

"Sasa viti sita vya nini?"

Tukakubaliana mtiki, sentimita 90 kwa 90, kimo 75, benchi mbili za kusukumwa chini ya meza, na kiti kimoja chenye mikono, ili mwenye magoti apate pa kujisukumia. Nilimwomba anionyeshe mbao kwanza; mbao mbichi hupinda ikishafika nyumbani, na hapo fundi hapokei simu. Sikutaka kioo wala dhahabu. Sinia linaenea katikati.

Mama alipoiona mara ya kwanza aliuliza kitambaa chake kiko wapi. Nikamwambia hakina, nikatua sufuria ya wali moja kwa moja juu ya mbao. Ilibaki alama nyeupe ya duara kwenye vanishi. Aliisugua kwa kiganja, ikagoma, akavuta sinia karibu.